UZI: Duka la sonara Lamu, malipo ya 1,860,000 yamekataliwa na kodi ya ziada ni 558,000. Tupinge lipi, tuachie lipi?

Mshika_Daftari
Assalaam aleikum wanajukwaa. Naomba tulichambue jambo hili kwa vifungu na hesabu. Jina la duka tuliache nje.

Ni kampuni ya vito vya fedha katika mji wa kale, Lamu: pete zilizopachikwa vigae vya sahani za Kichina, bangili, vipuli, mikufu. Mwaka wa hesabu ni Januari hadi Desemba 2024. Mauzo 11,400,000. Faida iliyotangazwa 900,000, kodi ya kampuni ya 30% ikalipwa, 270,000. Tathmini mpya ya KRA, mamlaka ya kodi, imekataa malipo haya:

Kamisheni za watembeza wageni, manahodha na vijana wa ufuoni: 1,040,000, zote M-Pesa, kwa namba 31.
Ununuzi wa fedha kuukuu (madini ya vito vya zamani, ya kuyeyusha) kutoka kwa watu binafsi: 520,000, taslimu.
"Huduma za ofisi": 180,000, hakuna risiti hata moja.
Karo ya mtoto wa mkurugenzi: 120,000.

Jumla 1,860,000, na 30% yake ni 558,000. Juu yake faini ya kuchelewa 5%, yaani 27,900, na riba ya 1% kwa mwezi, 5,580 kila mwezi kuanzia salio la kodi lilipopaswa kulipwa, tarehe 30 Aprili 2025. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haikuguswa kwa kuwa malipo haya hayakudaiwa VAT.

Tathmini ni ya tarehe 4 Agosti 2025. Mwenye duka anataka kupinga yote. Je, taarifa ya M-Pesa inatosha kuwa ushahidi?

Bi_Hesabu
Waaleikum salaam. Kwanza kalenda, mengine yafuate. Pingamizi lina siku 30 tangu kupokea uamuzi, kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Hesabu siku za kalenda, usitegemee kupunguziwa wikendi. Kama ilipokelewa tarehe 4 Agosti, siku ya mwisho ni 3 Septemba. Hiyo inaangukia Mfungo Sita, na Lamu nzima itakuwa na shughuli za Maulidi. Mafaili yawe tayari kabla ya tarehe 25 Agosti.

Pili, msipinge yote. Pingamizi halihesabiki kuwa halali mpaka kodi isiyobishaniwa iwe imelipwa au muda wa kuilipa uwe umeombwa. Lazima pia litaje hoja zenyewe, marekebisho mnayotaka, sababu zake, na vielelezo viambatishwe. Mkipinga karo ya mtoto pamoja na fedha ya kuyeyusha, mnampa afisa sababu ya kutoamini lolote kati ya hayo mawili.

Karo achieni leo. Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui: karo ya mtoto wa mfanyakazi ikikataliwa kuwa gharama kwa kampuni, haitozwi tena kuwa marupurupu ya mfanyakazi huyo. Mkurugenzi kama anafanya kazi dukani na yumo kwenye orodha ya mishahara, mkikubali kukataliwa kwa 120,000 mmefunga mlango wa kudaiwa PAYE, kodi ya mshahara, juu ya pesa zile zile. Liandikeni hilo waziwazi kwenye barua.

Wakili_Pwani
Nakubaliana na Bi Hesabu. Niongeze kuhusu zile 180,000, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Swali la kwanza si la kodi. Pesa hizo zilikwenda kwa nani? Ada za leseni za kaunti, kwa mfano, hulipwa kwa njia rasmi na risiti hutoka. Malipo kwa simu ya mtu binafsi, bila risiti, karibu na tarehe ya leseni, mkaguzi yeyote atayasoma kuwa hongo. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea, na kifungu cha 9 kinadai kampuni binafsi iwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa wake. Duka dogo halikusamehewa.

Kikodi malipo hayo hayana pa kusimama. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinaruhusu gharama iliyotumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee. Asiyeweza kusema alilipia nini hawezi kuthibitisha hilo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipa kodi, kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu.

Kwa hiyo: lipeni kodi ya 180,000, yaani 54,000, bila kuandika maelezo yoyote kuhusu malipo yale kabla mkurugenzi hajaketi na wakili wa jinai. Msiandike "usafiri" wala "matengenezo ya mashua" kama si kweli. Kukubali kodi ni jambo moja. Maelezo ya uongo kwa Kamishna wa kodi ni kosa jipya. Faini ya upungufu wa kodi chini ya kifungu cha 84 ni 20% kwa kawaida, lakini hupanda mpaka 75% kama taarifa ya uongo ilitolewa kwa makusudi. Kwa deni lote la 558,000 hiyo ni tofauti kati ya 111,600 na 418,500. Risiti moja ya kughushi yaweza kulivusha faili lote upande wa pili.

Fundi_wa_Mkomani
Mimi nijibu kuhusu fedha kuukuu, kwa sababu wahasibu huipeleka kama "manunuzi 520,000" na kuishia hapo. Afisa hajui fedha ilikwenda wapi. Muonyesheni gramu.

Mshika Daftari, tupe uzito ulionunuliwa, kiwango cha fedha, uzito uliouzwa, uzito uliobaki dukani 31 Desemba, na unga wa tupa uliohifadhiwa.

Mshika_Daftari
Daftari la ununuzi linasema gramu 6,500 kwa wastani wa shilingi 80. Zilipimwa kwa jiwe na tindikali, nyingi ni 800, yaani sehemu 800 za fedha safi katika kila 1,000. Vito vilivyouzwa kutokana na fedha hiyo ni gramu 5,100. Stoki ya mwisho wa mwaka 1,150. Unga wa tupa na vipande 180.

Fundi_wa_Mkomani
Vizuri sana. 6,500 mara 80 ni 520,000, inalingana na pesa. 5,100 ongeza 1,150 ongeza 180 ni 6,430. Pungufu ni gramu 70, kama 1.1%. Huo ni upotevu wa kawaida wa kuyeyusha na boraksi, kupiga tupa na kung'arisha. Hoja hiyo ina nguvu kuliko barua ya kurasa kumi.

Sasa mitego mitatu.

Vigae. Pete ikipimwa ikiwa na kigae chake, uzito wa kutoka unavimba. Kigae cha gramu 3 kwenye pete 200 ni gramu 600 ambazo si fedha. Hakikisheni zile 5,100 ni uzito kabla ya kupachika. Kama sivyo, mlinganyo wote unaanguka, na mbaya zaidi utaonyesha fedha imetoka bila kuingia.

Lihamu. Fedha ya kuunganishia huongeza uzito kidogo. Iwekeni safu yake.

Mtego mkubwa ni muhuri wa 925. Fedha ya 800 ukiiyeyusha peke yake inatoka 800. Ili gramu 6,500 za 800 zifike 925 kwa kuchanganya na fedha safi ya 999, unahitaji kama gramu 10,980 za fedha safi. Kama ankara za mauzo zinasema 925, afisa anayejua kazi atauliza: hizo kilo karibu 11 zilinunuliwa wapi, na kwa pesa zipi ambazo hazimo kwenye vitabu? Kama mlisafisha kwa tindikali ya naitriki, onyesheni ununuzi wa tindikali na uzito wa shaba iliyotolewa. Kama hamkusafisha, ankara ziseme 800. Mteja pia ana haki ya kujua anachovaa.

Mshika_Daftari
Ankara zinasema "silver" tu, hakuna namba. Uzito ulichukuliwa kabla ya vigae, fundi ana daftari lake la kila siku.

Fundi_wa_Mkomani
Basi daftari la fundi ndilo kielelezo namba moja. Leteni la asili, lenye madoa na yote. Msilinakili kwenye daftari jipya.

Kijana_wa_Shela
Kwa heshima, naona mnalitia ugumu. Kamisheni zote ni M-Pesa. Jina, namba, saa, kiasi, vyote vipo kwenye taarifa. Huo ni ushahidi gani tena unaotakiwa? Na kuwataja vijana 31 wa watu kwa KRA si kuwatia matatani?

Bi_Hesabu
Taarifa ya M-Pesa inathibitisha kwamba pesa ilitoka. Haithibitishi ilitoka kwa nini. Na tangu 1 Januari 2024 kuna kikwazo cha pili: kifungu cha 16(1)(c) cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kilichoingizwa na Sheria ya Fedha ya 2023, kinakataa gharama ambayo ankara yake haikutoka kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Yako yaliyosamehewa: mishahara, bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, riba, tiketi za ndege, na malipo ambayo kodi ya zuio (ile anayokata mlipaji kabla ya kulipa) ndiyo kodi yake ya mwisho. Kamisheni ya mkazi wa Kenya haimo, maana zuio lake la 5% si kodi ya mwisho.

Kuhusu majina, yamo tayari kwenye taarifa ya M-Pesa, na Kamishna ana mamlaka ya kudai hati. Kuyaficha hakumlindi mtu.

Sasa kazi yenyewe ya kamisheni. Pakueni taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, mpange kwa tarehe, kisha kila malipo mtafutieni ankara ya mauzo ya siku hiyo au inayofuata. Safu ziwe: tarehe, namba ya ankara, kiasi cha mauzo, asilimia, kamisheni, namba ya muamala wa M-Pesa, aliyelipwa, kitambulisho au PIN yake ya kodi. Malipo yaliyotoka kwenye simu ya mkurugenzi badala ya laini ya kampuni yawe na ingizo linaloonyesha kampuni ilimrudishia. Bila hivyo yataitwa matumizi yake binafsi.

Kabla ya kupeleka jedwali, fanyeni jaribio hili. Asilimia mliyokubaliana ni ngapi?

Mshika_Daftari
15% ya bei aliyolipa mgeni.

Bi_Hesabu
1,040,000 kwa 15% ni mauzo ya takriban 6,933,000. Mauzo yote ni 11,400,000. Kwa hiyo wageni walioletwa wawe wamenunua kama 61% ya mauzo ya mwaka. Kwa Lamu yawezekana. Lakini kama ankara mnazoweza kuzioanisha na kamisheni zinafika milioni 4 tu, mna moja ya mawili: kamisheni imevimbishwa, au kuna mauzo ya karibu milioni 3 ambayo hayakuandikwa. Mkipeleka jedwali hilo bila kulipima, mtakuwa mmeandika wenyewe tathmini inayofuata, safari hii ya mauzo pamoja na VAT ya 16%.

Pia angalieni zuio. Kamisheni ni malipo ya uwakala, na aliyelipwa jumla ya 24,000 au zaidi kwa mwezi mmoja alipaswa kukatwa 5%, ipelekwe ndani ya siku 5 za kazi. Msipokata, deni ni la duka.

Mshika_Daftari
Wanne walivuka 24,000, jumla yao miezi hiyo 412,000.

Bi_Hesabu
20,600, na faini na riba juu yake. Deni hilo linabaki hata kama gharama yenyewe imekataliwa. Tangazeni wenyewe kabla hamjaulizwa.

Wakili_Pwani
Kuna mtu atauliza kuhusu ankara inayotolewa na mnunuzi kwa niaba ya muuzaji mdogo. Ipo, kwa muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, lakini ilianza na marekebisho ya 27 Desemba 2024. Kwa mwaka huu wenye mgogoro inagusa siku chache za mwisho tu.

Kwa hiyo kamisheni zina njia tatu. Ya kwanza, mtembeza wageni ajisajili eTIMS kwa *222# na kutoa ankara sasa, yenye tarehe ya kweli ya leo, ikitaja malipo ya zamani. Kamishna aweza kuikataa kwa kuchelewa, lakini ni hati ya kweli. Kurudisha tarehe nyuma ni kughushi. Ya pili, kuwasilisha jedwali na mikataba na kuomba sehemu ikubaliwe kwenye usuluhishi nje ya mahakama, kifungu cha 55. Ya tatu, kukubali. Mkweli atakwambia kwamba hii 1,040,000 ndiyo sehemu dhaifu kisheria ingawa biashara yenyewe ilikuwa halali. Kuna dhuluma fulani hapo kwa miji kama Lamu, ambako anayekuletea mteja ana mashua na simu tu. Lakini Jopo la Rufaa za Kodi linasoma sheria iliyoandikwa.

Fedha kuukuu ni tofauti. Mama anayeuza bangili zake mwenyewe hafanyi biashara, na wajibu wa eTIMS ni wa anayefanya biashara. Ni hoja nzuri, ingawa inaweza kubishaniwa. Haiwafai wauzaji wa kurudiarudia. Wapo?

Mshika_Daftari
Wawili huja kila mwezi. Kwa mwaka walilipwa 140,000.

Wakili_Pwani
Watenganisheni. Hoja ya "si mfanyabiashara" ibaki kwa 380,000, ambayo kodi yake ni 114,000. Hao wawili wapelekeni kwenye kundi la kamisheni.

Barua iandikwe hivi, kila hoja na kiasi chake:

"Hoja ya 1. Kamishna alikosea kukataa Sh380,000 zilizonunua malighafi kutoka kwa watu binafsi wasiofanya biashara. Marekebisho yanayoombwa: kodi ipunguzwe kwa Sh114,000. Sababu: fedha hiyo iliyeyushwa, ikatengenezwa na kuuzwa, na mauzo yake yametozwa kodi. Vielelezo: daftari la ununuzi lenye uzito, kitambulisho na sahihi (1), daftari la fundi (2), mlinganyo wa gramu (3), hesabu ya stoki ya 31 Desemba 2024 (4)."

"Kiasi kisichobishaniwa: Sh300,000, kodi Sh90,000, imelipwa, stakabadhi ya malipo imeambatishwa (5)."

Kiasi kinachobaki kwenye mgogoro ni 1,560,000, kodi 468,000. Wasilisheni kupitia iTax, tovuti ya KRA, na mhifadhi namba ya kupokelewa. Hati zaweza kuwa kwa Kiswahili: sheria inataka kumbukumbu ziwe kwa mojawapo ya lugha rasmi, kwa hiyo daftari la fundi halihitaji kutafsiriwa.

Duka_Malindi
Samahani, kwa mauzo ya 11,400,000 mbona hawakuwa kwenye TOT, kodi inayotozwa kwa mauzo yote badala ya faida? 3% ni 342,000, na gharama hazijadiliwi kabisa.

Mshika_Daftari
Walichagua kwa maandishi kutoka TOT mwaka 2023, wakitarajia faida ndogo.

Bi_Hesabu
Walilipa 270,000 badala ya 342,000, wakaokoa 72,000, lakini sasa wanabishania 558,000. TOT ni ya mauzo yanayozidi milioni 1 hadi milioni 25. Hawawezi kuirudisha nyuma kwa 2024, ila kwa mwaka ujao duka ambalo gharama zake nyingi hazina ankara za eTIMS lipige hesabu hiyo upya. TOT haiondoi VAT. Ukivuka milioni 5 unasajiliwa VAT vilevile.

Kijana_wa_Shela
Nimeelewa, ahsante Bi Hesabu. Na wakikataliwa pingamizi?

Wakili_Pwani
Kamishna ana siku 60 kutoa uamuzi tangu kupokea pingamizi halali. Zikipita bila uamuzi, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa, ndiyo maana tarehe ya kuwasilisha hati ya mwisho ni ya kulindwa. Kila hati mnayochelewesha ni hoja kwamba siku hazijaanza. Akikataa, ilani ya rufaa kwa Jopo iwasilishwe ndani ya siku 30, pamoja na ada ya 20,000 isiyorudishwa, kisha ndani ya siku 14 zifuate memoranda ya rufaa, maelezo ya ukweli na nakala ya uamuzi. Baada ya Jopo ni Mahakama Kuu, siku 30.

Pimeni ada hizo na za wakili dhidi ya 114,000. Kama Kamishna atakubali fedha kuukuu kwenye pingamizi na kubakisha kamisheni, fikirieni sana kabla ya kwenda Nairobi kwa hoja ambayo kifungu chenyewe kinaipinga.

Fundi_wa_Mkomani
Swali moja la kutunza: miaka mingapi?

Bi_Hesabu
Mitano kwa kodi. Lakini muuza madini ya thamani yumo pia chini ya sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa ya 2009, nayo inataka kumbukumbu angalau miaka 7. Tunzeni saba.

Mshika_Daftari
Jazakumullahu khairan nyote. Kodi ya 90,000 italipwa kesho asubuhi. Daftari la fundi na lile la ununuzi yanaskaniwa, na jedwali la kamisheni linaanza na miezi ya Julai na Agosti, ambako malipo ni mengi. Nikishaoanisha miezi hiyo miwili nitaweka hapa asilimia iliyopatikana, bila majina, muione kabla hatujaipeleka.

Bi_Hesabu
Anza na wale wanne wa zuio. Kama zao hazioani, simamisha kila kitu na umpigie mkurugenzi kwanza.